Buti la Mnadani na Buti la Dukani

Mnadani muuzaji atakuapia kwamba buti lile ni la Ulaya na halijakanyaga hata jiwe. Huenda anasema kweli, na hapo ndipo penye hatari. Mabuti mengi ya mlimani yana tabaka la povu la poliyurethani kati ya ngozi na soli ya chini, na povu hilo huoza kwa unyevu wa hewa hata kiatu kikikaa kabatini. Ligeuze, libonyeze ubavuni kwa kidole gumba. Likitoa unga au nyufa, lirudishe kwenye turubai.

Mimi sikulibonyeza. Nililipa shilingi 35,000, nikalivaa siku ya mvua hapa Nkololo, na udongo mweusi wa mbuga ukazishika soli zote mbili kabla sijakifikia kilima. Nilirudi nyumbani na yeboyebo za kuazima, watoto wakinisindikiza kwa vicheko.

Kama unakwenda Kilimanjaro mara moja tu, kukodi Moshi ni nafuu kuliko kununua jipya. Ila buti la kukodi limezoea mguu wa mtu mwingine, na malengelenge ya siku ya kwanza utapanda nayo hadi mita 5,895. Kijana anayetaka kazi ya ugumu, kubeba mzigo wa hadi kilo 20 safari baada ya safari, asikodi. Anunue. Jipya la shilingi 150,000, kwa mfano, likimfikisha safari 15, kila safari imemgharimu 10,000.

Raba ni nyepesi, lakini kwenye mawe haishiki kifundo cha mguu. Gambuti tuliachie shamba la mpunga. Kisigino hucheza ndani na jasho halina pa kutokea.

Popote utakaponunua, nenda jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi nene mfukoni. Vaa, kisha shuka mteremko au ngazi. Vidole vikigonga mbele, chukua namba inayofuata, maana kucha huumia wakati wa kushuka.

Kwa mfuko wangu, sasa nachagua mtumba wa ngozi wenye soli ya mpira mtupu iliyoshonwa kuzunguka. Ni mzito, lakini uzi ukikatika, fundi viatu yeyote wa Bariadi anaushona.