Sintaksia ya Konstanti za Faragha katika Lugha za Programu: Alama Ikae Wapi?

Makala haya yanajadili namna lugha za programu zinavyotia alama ya faragha kwenye konstanti, yaani jina lililopewa thamani isiyobadilika programu inapoendeshwa. Hoja yetu ni kwamba alama hiyo inastahili kukaa katika tangazo lenyewe la jina.

Tuchukulie programu ya ankara inayotumiwa na maduka ya Kamembe, wilayani Rusizi, na ya Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Kodi ya Ongezeko la Thamani ni asilimia 18 nchini Rwanda na asilimia 16 katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hivyo kila nchi ina moduli yake yenye konstanti KIWANGO. Ya Rwanda imeandikwa 18. Moduli ya nje ikiisoma moja kwa moja na kugawanya kwa 100, bidhaa ya faranga 100,000 hutozwa 18,000. Mtunzaji wa moduli ya Rwanda akibadili maandishi kuwa 0.18 na kurekebisha hesabu zake za ndani, moduli ya nje itatoza faranga 180 bila kuonya. Faragha huzuia utegemezi huo: wa nje huomba kodi iliyokwisha kukokotolewa, wala hagusi kiwango. Ieleweke kwamba faragha hii si usiri. Anayesoma msimbo huiona thamani.

Suluhisho zilizopo ni za aina tatu. Katika Ruby, neno "private" huathiri mbinu zinazolifuata lakini haliathiri konstanti. Tangu toleo la 1.9.3 la mwaka 2011, jina hutangazwa kwanza, kisha hutajwa tena kwa "private_constant". Anayesahau hatua ya pili huiacha konstanti wazi, na hakuna kosa linaloripotiwa. PHP, tangu toleo la 7.1 la mwaka 2016, huweka "private" mbele ya "const" katika tangazo lilelile. Go hutumia umbo la herufi: jina linaloanza kwa herufi kubwa huonekana nje ya kifurushi, na mengine hubaki ndani.

Njia ya Go ni fupi, ila inategemea mfumo wa maandishi. Hati ya Kiarabu, iliyoandika Kiswahili kwa karne kadhaa, haina herufi kubwa; jina lililoandikwa kwayo haliwezi kuonekana nje. Njia ya Ruby nayo hutenganisha jina na hadhi yake. Njia ya PHP humpa msomaji vyote kwa pamoja, kama nomino ya Kiswahili inavyobeba kiambishi cha ngeli yake.

Kwa hiyo, wanaoandaa mitaala ya programu kwa Kiswahili, lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017, wafundishe kanuni mbili: hadhi ya konstanti itamkwe inapotangazwa, na faragha iwe hali ya kawaida hadi mwandishi aamue vinginevyo.