Chumba Self: Neno Lililoacha Nusu Yake Uingereza

Anayetafuta chumba Mwananyamala au Mbagala, jijini Dar es Salaam, huulizwa na dalali, kabla hata ya bei, kama anataka self. Wapo wanaoliona neno hili kuwa Kiingereza kilichovunjika, kwa kuwa "self-contained" ya Waingereza hudai jiko pia, na mlango wake wenyewe. Hapa jiko limesahaulika: choo na bafu vikiwa ndani, hiyo ni self, hata kama jiko lenyewe ni la mkaa kwenye kibaraza. Lakini sifa ya nyumba huzaliwa na kile watu walichochoka kuchangia. Uskoti, ambako wakazi wa miji kama Edinburgh walirundikana kwenye maghorofa yenye ngazi moja ya wote, nyumba iliitwa "self-contained" kwa kuwa na mlango wake. Nyumba ya Kiswahili iliyojaza Kinondoni na Temeke ina ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, na choo cha wapangaji wote uani. Humo kinachogombewa ni zamu ya bafu alfajiri, basi maana ikahamia huko.

Mtetezi wa Kiswahili sanifu atasema tunalo "kujitegemea", lenye -ji- inayofanya kazi ileile, na lililozoeleka tangu Azimio la Arusha la 1967. Kweli, ila lilishapata mpangaji: nyumba ya kujitegemea mjini ni ile iliyosimama peke yake kwenye kiwanja chake. Ukiita hivyo chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, mteja atasema umemtapeli. Self ikaziba pengo, ikajipanga na safi, rahisi na ghali, sifa za kuazima zisizojali ngeli: chumba self, vyumba self, nyumba self. (Waandikao "self container" ndio waliopotea, hilo ni kontena.) Sasa kuna masta self, chumba na sebule self, gesti self.

Kinachoudhi ni ahadi iliyomo ndani ya neno, kwamba chumba kinajitosheleza. Mabomba ya majitaka ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, hayafiki sehemu kubwa ya mji, hivyo choo cha ndani humwaga kwenye shimo palepale uani. Likijaa huitwa gari la kunyonya, na wasiotaka gharama husubiri mvua kubwa ili watapishe, uchafu ukashuke na mtaro hadi kwa jirani wa bondeni, mwenye self na asiye nayo.