Anga Wazi Arua: Mchana Jasho, Usiku Koti

Mfanyabiashara wa Arua na Koboko hulijua jambo hili wakati wa kiangazi: saa nane mchana jasho, alfajiri koti. Anga likiwa wazi, jua huchoma ardhi kutwa, na usiku joto hilo hupaa bila kizuizi. Siku za mawingu huwa kinyume: mawingu hukinga jua mchana, na usiku huizuia ardhi kupoa haraka.

Hatari kwa mzigo ni mvua zinapoisha. Ardhi bado ina unyevu, anga limetakata, baridi ya usiku huleta umande. Mihogo mikavu ikilala nje hupata kuvu, na mnunuzi wa Kaya au Ariwara hushusha bei. Ukiziona nyota jioni, tandika turubai mapema.