Mchuzi wa Ukwaju wa Amma, na Namna ya Kuupika Geto

Kila bumu linapokaribia kuisha, harufu ya nyumba tunayopanga hubadilika. Wiki za mwanzo ni chipsi na kuku. Wiki za mwisho ni maharage, tena yale ya maji na chumvi tu. Ni katika wiki hizo ndipo majirani hunigongea mlango: "Kaka, leo unapika nini? Mbona harufu imefika hadi getini?"

Jibu huwa ni lile lile: mchuzi wa ukwaju. Hauna nyama, hauna samaki, hauna nazi. Una ukwaju, vitunguu, viungo na mafuta, na ukiumwagia juu ya wali wa moto utasahau kwamba mfukoni imebaki elfu tano. Nimeelekeza watu kwa mdomo hadi nimechoka, na wengi wamerudi wakilalamika kwamba wao umewatoka mchungu au mkali mpaka meno yanakufa ganzi. Kwa hiyo leo naandika, na nitaanza na mahali nilipojifunza, kwa sababu bila hapo maelekezo yenyewe hayaeleweki.

Likizo ndefu ya mwaka jana nilikaa Chennai, kusini mwa India, wiki saba. Sikwenda kutalii. Baba alikuwa anafanyiwa upasuaji wa moyo, na katika familia mimi ndiye niliyekuwa sina kazi wala mtoto, basi nikawa msindikizaji. Tulipanga chumba ghorofani katika nyumba ya mama mmoja wa makamo, mtaa ambao kila nyumba ya pili ina mgonjwa kutoka nchi nyingine. Watu wote walimwita Amma, yaani mama, na sisi tukamwita hivyo hivyo. Mimi aliniita thambi, mdogo wangu wa kiume.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Shida ikaja kwenye kula. Mzee alitakiwa kupunguza chumvi na mafuta, na kila nilichomletea alikitazama, akashukuru, akageukia ukutani. Siku ya tisa baada ya kutoka wodini nilikuwa nimeanza kuogopa. Kiuno cha suruali yake nilikuwa nakikunja mara mbili. Jioni hiyo harufu ikapanda ngazi kutoka jikoni kwa Amma, na Baba akainua kichwa akauliza, "Nani anapika ukwaju?"

Sisi ni watu wa Dodoma. Mikwaju ipo hadi nyuma ya shule niliyosoma, na mama yangu hukorogea ukwaju kwenye uji. Mzee aliitambua harufu ya kwao akiwa ng'ambo ya bahari. Nikashuka.

Nilimwuliza kwanza mtaalamu wa lishe wa hospitali. Akasema ale, mradi chumvi na mafuta vipungue. Amma hakujua Kiswahili, mimi sikujua Kitamil, na Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuombea maji, lakini alielewa. Akatia chumvi kidogo sana, kisha mchuzi ulipoiva akaengua mafuta yaliyoelea juu kwa kijiko kabla ya kumpakulia Baba. Ukali wa ukwaju ukafanya kazi ambayo chumvi ingefanya. Siku hiyo Baba alimaliza wali. Kuanzia kesho yake, kila mchana nilikuwa nimesimama jikoni kwa Amma.

Ni mchuzi gani hasa?

Kwa Kitamil unaitwa puli kuzhambu. Puli ni ukwaju, au uchachu. Kuzhambu ni mchuzi. Hiyo "zh" isikutishe: unaikunja ulimi, sauti inatoka katikati ya "r" na "l". Usiuchanganye na sambar, ambayo nayo hutiwa ukwaju lakini ndani yake kuna mbaazi zilizopaazwa na kupikwa hadi zikapondeka. Puli kuzhambu hauna mbaazi wala dengu za kuupa uzito. Uzito wake unatokana na kuchemka kwa muda mrefu.

Ndugu yake mashuhuri ni vatha kuzhambu, unaopikwa kwa vathal, yaani mboga au matunda yaliyolowekwa kwenye mtindi mwepesi wenye chumvi na kuanikwa juani. Moja ya hayo ni manathakkali, vitunda vidogo vya jamii ya mnavu. Nilikuja na pakiti mbili kwenye begi na zikaisha mwezi wa kwanza. Tafadhali usiende kuchuma matunda ya mnavu porini ili ujaribu. Tumia bamia.

Kuhusu ukwaju wenyewe, kuna jambo lililonichekesha. Jina lake la Kizungu limetoka kwenye Kiarabu, tamr hindi, yaani tende ya India, na Linnaeus alipoupa jina la kisayansi mwaka 1753 akauita Tamarindus indica. Lakini asili ya mti huo ni Afrika. Ulivuka kwenda India zamani sana, ukazoea huko hadi dunia ikadhani ni kwao. Nilijaribu kumweleza Amma hivyo kwa ishara na ramani ya simu. Alicheka, akanipa kijiko niendelee kukoroga.

Vitu unavyohitaji (watu wanne)

Ukwaju, donge la ukubwa wa ndimu. Vitunguu vidogo vyekundu kumi na viwili, vizima. Ukikosa, kata vitunguu viwili vya kawaida vipande vikubwa. Kitunguu saumu punje kumi. Nyanya moja. Bamia nane au biringanya ndogo mbili. Haradali nusu kijiko cha chai. Uwatu robo kijiko cha chai, usizidishe. Pilipili kavu mbili. Majani ya kari kishikio kimoja. Manjano robo kijiko cha chai. Dhania ya unga kijiko kimoja na nusu cha chakula, pilipili ya unga kijiko kimoja cha chai, bizari nyembamba ya kusaga nusu kijiko cha chai. Chumvi. Kipande kidogo cha sukari guru.

Halafu mvuje, chembe tu. Ndiyo, mvuje ule ule ambao kina bibi wa pwani huwafungia watoto wachanga. Ukiunusa mkavu utadhani umeharibika. Ukiingia kwenye mafuta ya moto unageuka na kunukia kama vitunguu vilivyokaangwa.

Mafuta ni ya ufuta, vijiko vinne vya chakula. Watamil huyaita nallennai, yaani mafuta mazuri, na hukamuliwa kutoka ufuta usiokaangwa. Yale meusi ya Kichina ya ufuta uliokaangwa hayafai hapa. Kwetu ufuta unalimwa sana, hasa Lindi na Mtwara, kwa hiyo ulizia kwa wakamuaji wadogo sokoni. Ukikosa kabisa, alizeti inasukuma siku.

Hatua

1. Loweka ukwaju kwenye kikombe kimoja cha maji ya moto, dakika ishirini. Ufikiche kwa mkono, chuja, tupa kokwa na nyuzi. Ongeza kikombe kimoja na nusu cha maji kwenye ile rojo.

2. Pasha mafuta kwa moto wa kati. Kaanga bamia au biringanya kwanza hadi ziwe na rangi, zitoe pembeni. Hii inapunguza ule mlenda wa bamia.

3. Kwenye mafuta hayo hayo tia haradali. Subiri ipasuke. Ikiwa haipasuki, mafuta hayajapata moto; usiendelee. Ikishapasuka tia uwatu, pilipili kavu, mvuje na majani ya kari. Uwatu ukiwa rangi ya dhahabu, haraka, hatua inayofuata. Ukiwa wa kahawia umeshaungua, na mchuzi wote utakuwa mchungu. Wale waliorudi kwangu wakilalamika, kosa lao lilikuwa hapa.

4. Tia vitunguu na saumu. Kaanga hadi vilainike na kuanza kupata rangi. Tia nyanya, ipondeke kabisa.

5. Punguza moto, tia manjano na viungo vya unga. Koroga nusu dakika tu, viungo vya unga huungua upesi.

6. Mimina maji ya ukwaju, tia chumvi. Acha uchemke bila kufunika.

7. Rudisha bamia. Endelea kuchemsha kwa moto mdogo. Mwisho tia sukari guru.

Hapo hatua ya saba ndipo kwenye shule

Mimi nasoma ualimu, na tumefundishwa kuandika andalio la somo lenye muda: dakika tano utangulizi, dakika ishirini maarifa mapya. Siku ya kwanza nilimwuliza Amma, "Dakika ngapi?" nikionyesha saa. Akatikisa kichwa, akanivuta mkono karibu na chungu, akasema, "Pachai vaasanai."

Ilinichukua siku nne kuelewa. Vaasanai ni harufu. Pachai ni mbichi, na pia ni rangi ya kijani. Tukifikiri kidogo, hata sisi husema kijani kibichi. Alikuwa ananiambia: nusa, harufu mbichi bado ipo. Ukwaju mbichi una harufu kali inayochoma puani, na ukionja unakukwaruza kooni. Kadiri unavyochemka, harufu ile inalainika, inakuwa nzito na tamu kidogo. Hapo ndipo umeiva. Kila nilipodhani tayari, Amma alinusa na kusema, "Innum konjam." Bado kidogo.

Ishara ya pili ni ya macho. Mafuta, ambayo mwanzoni yalimezwa na mchuzi, huanza kujitenga na kuelea pembezoni mwa chungu. Rangi inageuka kutoka ile ya tope na kuwa kahawia iliyoiva. Kwangu hufika dakika ishirini hadi ishirini na tano baada ya kuanza kuchemka, lakini jiko lako si langu na ukwaju wako si wangu. Ukiwa mpya una nguvu kidogo, ukiwa wa zamani na mweusi una nguvu zaidi. Ndiyo maana saa haikusaidii sana.

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha nilikumbuka jambo hili mara nyingi. Nilikuwa naangalia saa, nafunga somo kwa sababu dakika zimeisha, wakati nyuso za watoto zinaniambia wazi kwamba bado pabichi.

Makosa yangu, ili usiyarudie

La kwanza: sufuria ya alumini. Niliporudi chuo nilipika kwenye sufuria yetu ile nyembamba, nikauacha humo usiku kucha. Asubuhi mchuzi una ladha ya chuma, na chini ya sufuria pamekuwa peupe panang'aa kama nimepasugua kwa steelwool. Ukwaju una tindikali na tindikali hula alumini. Amma alitumia chungu cha udongo. Chungu kipo kila soko letu, na kama huna, tumia sufuria ya chuma kisichopata kutu.

La pili: kuongeza maji mwishoni kwa sababu wageni wamefika. Ukiongeza maji, chemsha upya hadi mafuta yatengane tena. Kama umekuwa mwepesi mno, koroga kijiko kimoja cha chai cha unga wa mchele kwenye maji baridi kidogo, utie, uchemke dakika tatu.

La tatu: kuula siku hiyo hiyo wote. Siku ya pili ni mtamu zaidi, vitunguu vikishanyonya ukwaju. Amma aliuchemsha upya kila asubuhi. Nami kwa joto letu hili hufanya hivyo, na sivuki siku ya pili.

Wali uwe wa moto na mkavu kidogo. Kando weka mboga yoyote isiyo na ukali: kabichi, mchicha, hata yai la kuchemsha. Na mchuzi wenyewe ni kidogo kidogo, si wa kuogelea wali kama tufanyavyo kwa maharage.

Dodoma, Desemba

Baba sasa yuko nyumbani, anakwenda kliniki kila mwezi, na bado hapendi chakula chenye chumvi kidogo. Nilipofika likizo fupi ya Desemba nikasema leo napika mimi. Nilinunua chungu, nikatafuta mvuje kwa muuza dawa za asili, nikapika uani huku mama na wadogo zangu wakinicheka. Mafuta nilipunguza nusu. Nilinusa, nikaona tayari. Nikampelekea Baba kijiko aonje.

Akanusa kwanza. Akaonja. Akafumba macho kidogo, kisha akanirudishia kijiko.

"Innum konjam," akasema.

Kumbe zile wiki zote, akiwa amelala juu ghorofani, alikuwa anatusikia. Nikarudisha chungu jikoni, dakika kumi zaidi. Alikuwa sahihi.