Tofauti za Mipigo ya Umeme katika Seli za Neva: Kutoka Ngisi hadi Ubongo wa Binadamu

Makala haya yanafafanua kwa nini seli za neva, ijapokuwa zote hutumia umeme, hazipigi kwa namna moja. Msingi wa maarifa hayo umetokana na ngisi, kiumbe anayefahamika vyema kwa wachuuzi wa soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Uzi wa neva unaoendesha misuli inayomsukuma majini huweza kufikia unene wa karibu milimita 1. Kutokana na unene huo, Hodgkin na Huxley waliweza kuingiza elektrodi ndani yake huko Plymouth, Uingereza, mwaka 1939. Mwaka 1952 walionesha kwamba mpigo huanza sodiamu inapoingia katika seli, na hukoma potasiamu inapotoka.

Kanuni hiyo huhusu pia ubongo wa binadamu, lakini chaneli za seli hutofautiana. Seli za piramidi za gamba la ubongo, zikichochewa mfululizo, hupunguza kasi ya mipigo hatua kwa hatua. Baadhi ya seli zuizi, yaani zile zinazotuliza nyingine, zina chaneli za potasiamu zinazofunguka na kufungika upesi. Hivyo hupiga zaidi ya mara 100 kwa sekunde bila kulegea.

Tofauti hiyo ina uzito katika tiba ya kifafa. Karbamazepini hupunguza mipigo kwa kuzuia chaneli za sodiamu. Hata hivyo, kwa mgonjwa wa sindromu ya Dravet, ambaye seli zake zuizi kwa kawaida zimekwisha kudhoofishwa na kasoro ya kijeni, dawa hiyo huweza kuzidisha degedege. Kwa hiyo, haitoshi kujua kwamba mipigo imepungua. Sharti ijulikane imepungua katika seli zipi.