Binti wa Handeni Katika Karakana ya Ndege

Akina mama wengi wa huku kwetu tunaijua ndege kwa sauti yake tu. Inapita juu ya mashamba ya mkonge ya Korogwe, watoto wanapunga mikono, kisha kila mtu anarudi kwenye jembe lake. Kwa hiyo binti mmoja wa Handeni alipochaguliwa kusomea matengenezo ya ndege katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kile kilichoko Mabibo, Dar es Salaam, wapo waliodhani anakwenda kugawa soda angani. Mama yake alieleza mpaka akachoka.

Jina lake sitalitaja, ameniomba hivyo. Alisoma sekondari ya bweni hapa Korogwe na kuimba katika kwaya yetu ya vijana, ndiko nilikomfahamu. Nilikaa naye jioni mbili aliporudi kutoka mafunzo kwa vitendo, yale ambayo wanafunzi huyaita fildi. Naona habari zake zinatuhusu sisi tunaolea watoto, hata wale ambao watoto wetu hawatagusa ndege maisha yao yote.

Fildi yake ilikuwa ya wiki nane, wakati wa likizo ndefu. Mwanafunzi hutafuta karakana ya kumpokea, huandika katika daftari kazi aliyoifanya kila siku, na msimamizi hulitia sahihi. Mshahara hakuna. Nauli, chakula, ovaroli na viatu vyenye chuma mbele vilikuwa juu ya mzazi. Mama huyu ni mjane na mkulima. Aliuza magunia matano ya mahindi mara tu baada ya kuvuna, wakati kila mtu anauza na wachuuzi wanajipangia bei. Mwanamke yeyote wa Handeni anajua maana ya kuuza mahindi wakati huo badala ya kusubiri mpaka ghala za wenzako ziwe tupu.

Jambo ambalo mama hakulitazamia ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hizi hufanyika usiku, kwa kuwa mchana ndege ziko angani zikitafuta fedha. Binti alifikia kwa shangazi yake Gongo la Mboto, si mbali na uwanja wa ndege. Shangazi akaweka sharti moja: zamu ikiisha kabla ya mapambazuko, usitoke getini mpaka kuche. Ni sharti zuri, nami nawashauri wenye mabinti waliige. Wazee wawili wa kanisa waliuliza habari ya msichana kuvaa suruali usiku kati ya wanaume. Ovaroli, wazee wangu, inafunika mwili kuliko magauni mengi tunayoyaona harusini.

Wiki ya kwanza hakugusa ndege. Alifagia. Alidhani anadharauliwa kwa sababu ni msichana, mpaka alipoona wavulana nao wameshika fagio. Kijiwe kidogo au kipande cha waya kikivutwa na injini kinaweza kuharibu mapanga yake, kwa hiyo sakafu ya karakana ya ndege hufagiliwa kama meza ya chakula. Baada ya hapo akafundishwa vifaa. Kila spana, kila bisibisi na kila tochi ina namba yake, na mahali pake ubaoni pamechorwa umbo lake, hata kikikosekana kimoja pengo linaonekana kwa mbali. Vifaa huhesabiwa kabla ya kazi na baada ya kazi. Tena hakuna linalofanywa kwa kukumbuka. Hata kama jana ulikaza nati ile ile, leo utafungua kitabu, utasoma, utakaza, utaandika, utatia sahihi, na kazi nyeti hukaguliwa na mtu wa pili.

Nilipomsikiliza nilitabasamu, maana sisi wauguzi wa chumba cha upasuaji tunayajua hayo. Kabla mgonjwa hajafungwa tunahesabu gozi, mikasi na sindano kwa sauti, na hesabu isipotimia daktari hashoni. Wala si bahati kwamba tunafanana. Tarehe 30 Oktoba, 1935, huko Dayton, Marekani, ndege mpya kubwa ya kampuni ya Boeing ilianguka mara tu baada ya kupaa, na watu wawili wakapoteza maisha. Ndege haikuwa mbovu. Marubani walikuwa wazoefu, ila walisahau kufungua kizuizi kinachokaza sehemu za usukani ndege inapokuwa imeegeshwa. Tangu hapo marubani wakaandikiwa orodha ya mambo ya kukagua, isomwe kila safari, hata na aliyeruka miaka 20. Miaka mingi baadaye hospitali zikaazima desturi hiyo. Shirika la Afya Duniani lilipoijaribu orodha ya upasuaji salama mwaka 2007 na 2008 katika hospitali nane duniani, mojawapo ilikuwa ya hapa kwetu, Ifakara. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: kwa hospitali zote nane, vifo vya wagonjwa waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Huko karakana walisimuliwa pia kisa cha tarehe 10 Juni, 1990. Ndege ya Uingereza iliyotoka Birmingham kwenda Malaga, Hispania, ilipofika juu, kioo cha mbele cha rubani kiling'oka. Hewa ikamvuta rubani, nusu ya mwili wake ikawa nje, wahudumu wakamshika miguu mpaka ndege ilipotua Southampton. Kwa rehema za Mungu hakufa mtu. Uchunguzi ulionyesha kwamba kioo kilikuwa kimebadilishwa usiku, na fundi alichagua bolti kwa kulinganisha na zile za zamani kwa macho. Kati ya bolti 90, 84 zilikuwa nyembamba kuliko zilizotakiwa. Tofauti yenyewe haikufika hata milimita moja.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu.

Usiku mmoja wa wiki ya tano, vifaa vilipohesabiwa, kimoja kilikosekana katika kisanduku cha binti yetu: kichwa cha boksi spana, kidude cha chuma kisichozidi kizibo cha soda. Alikuwa amefanya kazi ndani ya tumbo la ndege, chini ya sakafu, mahali zinapopita nyaya za usukani. Msimamizi alikuwa hajafika kukagua. Mwanafunzi mwenzake akamnong'oneza kwamba kidude kama hicho kinapatikana Kariakoo kwa fedha kidogo, aseme amekisahau mfukoni, kesho alete kingine. Binti alisimama pale akifikiria magunia matano ya mama yake. Alijua wapo wanafunzi waliorudishwa chuoni kabla ya muda wao. Alijua pia kwamba ndege ile ingejaa abiria asubuhi.

Akaenda kusema.

Ndege ilizuiliwa. Mafundi walitafuta kwa tochi na vioo vidogo vya mkononi karibu saa tatu, binti akiwa pamoja nao, akitetemeka. Kilipatikana kimejibanza chini ya sakafu, si mbali na zile nyaya. Hakufukuzwa wala kutukanwa. Alitakiwa kuandika kwa mkono wake mwenyewe jinsi jambo lilivyotokea, na maandishi hayo yakahifadhiwa. Msimamizi alimweleza kwamba mtu anayedondosha kifaa hufundishika, bali anayeficha hawezi kuachwa karibu na ndege.

Niliposimulia haya katika kikundi chetu cha akina mama, maneno yalikuwa mengi. Mmoja alisema angekuwa wake angemtandika kwa uzembe. Mwingine akauliza kwa upole: "Na ukimtandika, mama mwenzangu, safari ijayo atakuambia?" Pakawa kimya. Mimi nipo upande wa huyu wa pili. Katika nyumba zetu nyingi kikombe kikivunjika swali la kwanza ni "Nani?", na fimbo iko tayari kabla jibu halijapatikana. Mtoto mwenye akili anajifunza haraka: anazika vipande nyuma ya choo. Nimewaona wodini. Mtoto amemeza kitu, au ameanguka tangu juzi, na mama hana habari kwa sababu mtoto aliogopa kusema. Kuna kuungama Jumapili kwa pamoja, kwa maneno tuliyoyakariri, na kuna kumwendea mkubwa wako usiku, peke yako, ukataja kosa lako kwa jina. Hili la pili halianzii kanisani, linaanzia jikoni.

Sisemi uzembe uachwe. Yule binti aliandika kosa lake na litabaki limeandikwa. Adhabu ya namna hiyo inauma kuliko viboko, tena haimfundishi mtu uongo.

Nilimwuliza ujasiri ule aliupata wapi. Alifikiri kidogo, akanikumbusha habari ya zamani. Alipokuwa darasa la nne alipoteza fedha za mafuta ya taa njiani. Alikaa nje mpaka giza likaingia, akiogopa. Mama alipomkuta hakumpiga. Alichukua kibatari cha jirani, wakarudi wote wawili njiani kutafuta. Hawakuzipata, wakala gizani. Mama mwenyewe nilipomwuliza alikuwa hakumbuki kabisa.

Usiku ule wa karakana binti alimpigia simu alfajiri, akamweleza yote huku akilia. Mama alinyamaza kidogo, kisha akamwuliza: "Umekula?"

Fildi aliimaliza, na daftari lake lina sahihi zote. Bado ana nyingine mwakani. Mama ameanza mapema kufuga kuku wa kuuza, ili safari hii mahindi yakae ghalani mpaka bei ipande.