Gari la Kukodi London: Unalipia Siku, Unatumia Saa

Likizo za shule zikikaribia, familia za Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Muscat zenye ndugu London huanza kupiga hesabu moja: watoto wanataka kwenda Chessington au Legoland, je, tukodi gari? Mtandaoni gari dogo huonekana rahisi, na ukiigawa bei yake kwa watu wanne au watano, tiketi za treni zinafanana na ubadhirifu. Hesabu hiyo ina kasoro. Gari hukodishwa kwa siku, ilhali mgeni wa London hulitumia kwa saa chache, na saa linapokuwa limesimama zinaweza kumlia pesa kuliko saa linapokuwa barabarani. Kwa bustani za burudani zinazouzunguka mji huo, mgeni anayelala ndani ya London hahitaji gari la kukodi. Anayelihitaji kweli ni yule anayekwenda mbali zaidi, na hata yeye asilichukue katikati ya mji.

Ramani yenyewe inasaidia hoja hii. Chessington ilianza mwaka 1931 kama bustani ya wanyama na ikageuzwa kuwa bustani ya michezo mwaka 1987. Reli ilifika stesheni ya Chessington South mwaka 1939 ikakomea hapo: mpango wa kuifikisha Leatherhead ulikatizwa na vita, kisha sera ya kuzuia London isimeze mashamba yanayoizunguka ikauzika kabisa. Ajali hiyo ya historia imeiachia bustani stesheni ya mwisho wa reli iliyo mwendo wa dakika kama 10 kwa miguu kutoka langoni, na treni ya moja kwa moja kutoka Waterloo isiyozidi sana nusu saa. Stesheni iko kanda ya 6 ya nauli za London, kwa hiyo kadi ileile ya Oyster anayoitumia mgeni kwenye basi la Ilford au Tottenham inampeleka hadi huko. Thorpe Park, iliyofunguliwa mwaka 1979 kwenye mashimo ya kokoto yaliyojazwa maji, hufikiwa kwa treni ya Waterloo hadi Staines, kisha basi. Legoland ya Windsor ilifunguliwa mwaka 1996 kwenye ardhi ya bustani ya safari iliyofungwa mwaka 1992. Simba walihama, matofali ya plastiki yakaingia. Hii ndiyo yenye safari ya kuchosha zaidi, maana treni hukuacha Windsor mjini na lazima upande basi tena. Zote tatu zinaendeshwa na Merlin, kampuni iliyonunuliwa mwaka 2019 na KIRKBI, yaani mfuko wa familia yenye Lego, ikishirikiana na Blackstone na mfuko wa pensheni wa Kanada. Ukifika na gari, maegesho yanalipiwa kando na tiketi.

Sasa tutazame biashara ya kukodisha yenyewe, maana humo ndimo bei ya mtandaoni inamochezewa. Mwaka 2015 mamlaka ya ushindani ya Uingereza, pamoja na Tume ya Ulaya, ilizibana kampuni tano kubwa, Avis, Enterprise, Europcar, Hertz na Sixt, zikakubali kueleza bei na bima zao kwa uwazi zaidi. Tangu Aprili 2025 sheria mpya ya watumiaji inakataza kuonyesha bei ndogo kisha kuongeza malipo ya lazima hatua kwa hatua. Ni hatua njema, lakini tuisome vizuri: inagusa malipo ya lazima. Yale yanayoitwa ya hiari yamebaki kaunta, na ndiyo yanayoleta faida. Mkataba wa kawaida unakuja na bima inayokuachia sehemu ya kwanza ya hasara uibebe mwenyewe, mara nyingi zaidi ya pauni 1,000. Ili uondolewe mzigo huo, karani atakuuzia kinga ya ziada inayohesabiwa kwa kila siku, na kwa gari dogo kinga hiyo inaweza kukaribia kodi yenyewe. Bima kama hiyo hununuliwa kwa bei ya chini mno kwa kampuni nyingine kabla ya kusafiri, lakini aliyeinunua bado atazuiliwa amana kubwa kwenye kadi yake. Hapa ndipo wageni wengi kutoka kwetu wanapokwama. Kampuni nyingi hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva, wakati Waafrika Mashariki wengi hubeba kadi ya kutolea pesa benki. Mwenye kadi hiyo hulazimishwa kununua kinga kamili, au harudi na ufunguo.

Ongeza mambo madogo yasiyo madogo. Sheria inataka mtoto ambaye hajatimiza miaka 12 wala kufikia sentimita 135, lolote litakalotangulia, akae kwenye kiti chake maalumu, na kiti hicho hukodishwa kwa siku. Gari la otomatiki, ambalo ndilo wengi wetu tulilolizoea kutokana na magari ya Japani yaliyojaa barabara zetu, kwa kawaida hukodishwa ghali kuliko la gia za mkono. Dereva wa pili huongezewa ada, na aliye chini ya miaka 25 naye ana yake. Leseni yenyewe si kikwazo: mgeni anaruhusiwa kuendesha kwa leseni halali ya nchi yake kwa miezi 12 tangu aingie. Mtu wa Mombasa au Tanga atakuta magari yanapita kushoto kama kwao. Wa Muscat au Goma atahitaji siku mbili tatu za kujizoeza.

Gharama inayoshangaza zaidi wageni ni ile isiyo na mtu wa kukusimamisha. London haina vibanda vya tozo, ina kamera. Tozo ya msongamano katikati ya mji ilianza Februari 2003 kwa pauni 5, na tangu Januari 2026 ni pauni 18 kwa siku. Handaki jipya la Silvertown na lile kongwe la Blackwall, njia za kawaida za kuvuka kwenda kusini mashariki, zimetozwa tangu Aprili 2025. Kivuko cha Dartford kilipanda hadi pauni 3.50 Septemba 2025, na pesa zake hulipwa mtandaoni kabla ya usiku wa manane wa siku inayofuata. Tozo ya hewa chafu ya pauni 12.50, iliyotandazwa London nzima Agosti 2023, kwa kawaida haimpati aliyekodi, kwa kuwa magari ya kukodi ni mapya. Hizo nyingine zinampata, hazilipwi zote kwenye tovuti moja, na zina saa tofauti. Anayesahau tozo ya msongamano huandikiwa faini ya pauni 180, nusu yake akilipa ndani ya siku 14. Barua hiyo haimfikii yeye. Inakwenda kwa kampuni yenye gari, ambayo hulitoa jina lake kwa mamlaka au huilipa faini, kisha humkata ada ya usumbufu kwenye kadi wiki kadhaa baada ya yeye kurudi kwao. Familia iliyokwisha kusimulia jirani kwamba safari ilikuwa rahisi hupata taarifa ya benki ikisema mengine.

Tuseme basi dereva ni mwangalifu na halipi faini hata moja. Bado gari linahitaji pa kulala. Mitaa mingi ya London ina maegesho ya wakazi wenye vibali, na mwenyeji hununua vibali vya wageni kutoka halmashauri yake. Ofisi nyingi za kukodisha za mitaani hufunga jioni, hufanya nusu siku Jumamosi, na Jumapili hazifunguki. Bustani hufunga jioni pia. Aliyetoka Thorpe Park na watoto wamechoka hawezi kurudisha gari usiku ule. Atalilaza mtaani na kuamka asubuhi kulirudisha, na aliyekwenda Jumamosi hulilipia hadi Jumatatu. Barabarani nako hakuna muda anaookoa. Kwa mwaka 2023 kampuni ya ramani ya TomTom iliitaja London kuwa mji wenye mwendo wa polepole kuliko yote iliyopimwa: kilomita 10 za katikati ya mji zilichukua zaidi ya dakika 37 kwa wastani.

Palikuwa na huduma iliyojaribu kutibu ugonjwa huu wa siku na saa. Zipcar, mali ya kundi la Avis Budget, ilikodisha magari kwa saa, yakiwa yameegeshwa mitaani tayari. Desemba 2025 ilitangaza kuondoka Uingereza, wiki chache kabla ya magari ya umeme kupoteza msamaha wa tozo ya msongamano. Hiyo haikuwa sababu pekee, lakini inaonyesha soko linaelekea wapi: katikati ya London, gari la muda mfupi linazidi kuwa biashara ngumu kwa mwenye nalo na bidhaa ghali kwa mteja.

Wapo watakaopinga, na hoja zao si za kupuuza. Wa kwanza watasema kwamba familia ya watu sita hulipa nauli sita lakini gari moja. Kweli, ila nauli za watoto si sawa na za wakubwa. Walio chini ya miaka 5 hawalipi treni, wa miaka 5 hadi 15 hulipa nusu, na kadi ya punguzo ya Family & Friends, inayouzwa pauni 35 kwa mwaka tangu Machi 2025, hupunguza theluthi moja kwa wakubwa na asilimia 60 kwa watoto, ingawa asubuhi za siku za kazi ina masharti. Wa pili watataja matengenezo ya reli ya mwisho wa wiki na migomo. Hilo lina uzito. Njia za Waterloo hufungwa Jumapili mara kwa mara, na kurudi kwa South Western Railway mikononi mwa serikali Mei 2025 hakukubadilisha hali hiyo kwa usiku mmoja. Dawa yake ni kuchagua siku ya kazi, ambayo mara nyingi tiketi za bustani nazo ni nafuu. Wa tatu watataja bibi asiyeweza kutembea sana, au mtoto wa kubebwa. Kwao jibu zuri ni teksi ya viti saba iliyoagizwa kwa bei ya kukubaliana, kwenda na kurudi. Mazoea ya nyumbani ya kukodi gari pamoja na dereva yanafaa huko kuliko ya kukodi ufunguo.

Wapo pia wanaoona kodi ya nini wakati mjomba ana gari. Hapa tahadhari ni kubwa. Uingereza bima humfuata dereva aliyeandikwa, tofauti na mazoea ya wengi wetu ya kuona bima ikilifuata gari. Mgeni akipewa ufunguo bila jina lake kuongezwa, mbele ya polisi anaendesha bila bima, na gari linaweza kuzuiliwa hapohapo. Bima ya siku chache hupatikana, lakini si kila kampuni inakubali leseni ya kigeni.

Gari linapata haki yake nje ya duara hili. Alton Towers iko Staffordshire, mwendo wa saa tatu hivi, mbali na stesheni yoyote ya maana. Paultons Park iko ukingoni mwa msitu wa New Forest, Hampshire. Familia inayotaka kwenda huko, kulala siku mbili na kupitia pwani au vijijini, ikodi bila kusita, maana kila saa ya gari itakuwa na kazi. Vivyo hivyo aliyefikia kwa ndugu Slough au Reading na anataka Legoland, ambako gari linamwondolea mabadiliko ya usafiri. Achukue gari Heathrow au kwenye mji wa pembeni, alirudishe hapohapo, asiingie nalo katikati kabisa.

Wanaopanga mradi mkubwa kuliko yote wanaelekea kulielewa jambo hili. Universal imepanga kufungua bustani yake karibu na Bedford mwaka 2031, kwenye eneo la kiwanda cha zamani cha matofali, ikitarajia wageni milioni 8.5 katika mwaka wa kwanza. Barabara zitapanuliwa, na stesheni ya reli ya Wixams imo katika mpango tangu mwanzo. Hadi hapo, anayelala London na kutaka Chessington apande treni ya Waterloo, ateremke mwisho wa reli, amalizie kwa miguu. Anayekwenda Alton Towers ndiye afungue tovuti ya magari, na kabla ya kubonyeza popote akague kama kadi aliyo nayo itakubaliwa kaunta.